Filamu za Msitu Wetu na Majaji wa Mbali

Wabashiri wengi wa Hollywood walikuwa wameshamkabidhi Marlon Brando tuzo yake kabla haijatangazwa. Ilikuwa Machi 1952, na kijana huyo alikuwa ametikisa majumba ya sinema kwa A Streetcar Named Desire. Wahakiki wa New York nao walikuwa na mtu wao, Arthur Kennedy, waliyekwisha kumchagua kuwa mwigizaji bora wa mwaka. Usiku wa tarehe 20 matokeo ya mwigizaji bora wa kiume yalipotoka, jina lililosomwa lilikuwa la Humphrey Bogart. Tuzo nyingine tatu za uigizaji zilikwenda kwa wenzake Brando katika filamu ileile, yeye akatoka mikono mitupu. Bogart alishinda kwa The African Queen, na sehemu kubwa ya picha za Afrika katika filamu hiyo zilipigwa kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville, mji tunaouita leo Ubundu.

Ukipima moja kwa moja juu ya msitu, Ubundu iko kilomita mia moja na ushei kutoka Lubutu, huku kwetu Maniema. Ukifuata barabara kuu ya kwenda Kisangani, kilomita zipatazo 240, unafika mji ambako Hollywood ilirudi miaka michache baadaye. Msitu huu ulio kati ya Lualaba na milima ya Kivu umeingiza filamu nyingi kwenye kinyang'anyiro cha tuzo kuliko watu wengi wanavyodhani. Karibu kila mara waliozipima walikuwa watu ambao hawajawahi kukanyaga matope yake.

Hadithi ya The African Queen yenyewe si ya Kongo. C. S. Forester aliiandika katika riwaya ya mwaka 1935, akaiweka Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, na nyuma yake kuna vita halisi vya Ziwa Tanganyika, ambako Wajerumani walikuwa na meli Graf von Götzen. Meli hiyo ndiyo Liemba ya Kigoma. Lakini mkurugenzi John Huston alitaka msitu mzito na mto mweusi, na huo aliupata Ruiki. Kambi ilijengwa hukohuko msituni kwa mikono ya wenyeji. Mashua ilizama, ikabidi ivutwe na kuinuliwa kutoka chini ya maji. Watu wa kikosi walishikwa na kuhara damu na malaria, na Katharine Hepburn, aliyekuwa miongoni mwa walioumwa sana, aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo mwaka 1987. Baadaye kikosi kilihamia Uganda, Butiaba na maporomoko ya Murchison, kisha London.

Kuna jambo moja katika historia hiyo linaloonyesha jinsi tuzo zinavyotafutwa. Ili filamu ishindanie Oscar za mwaka 1951, ilibidi ionyeshwe Los Angeles kabla ya mwaka kwisha. Wenye filamu wakakimbizana na kalenda, wakaifungua tarehe 26 Desemba, siku chache tu kabla mlango haujafungwa. New York iliisubiri mpaka Februari. Mkakati huo ulizaa uteuzi wa aina nne: mkurugenzi, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na mswada. Ukitazama orodha ya waigizaji waliotajwa kwenye filamu, humpati Mkongomani hata mmoja.

Mwaka 1958 ikaja zamu ya Stanleyville, Kisangani ya leo. Fred Zinnemann alileta The Nun's Story, habari ya mtawa wa Kibelgiji muuguzi anayetumwa Kongo, na Audrey Hepburn akiwa mhusika mkuu. Hapo wahakiki na wapiga kura wa Oscar waliachana. Wahakiki wa New York walimtawaza Audrey Hepburn kuwa mwigizaji bora wa kike wa mwaka 1959 na Zinnemann mkurugenzi bora. Shirika la National Board of Review likaitaja kuwa filamu bora ya mwaka. Oscar ikaipa uteuzi wa aina nane, filamu bora ikiwemo. Tarehe 4 Aprili 1960 Ben-Hur ikabeba tuzo 11, na The Nun's Story ikarudi bila hata moja.

Kwangu mimi wahakiki ndio waliokuwa na haki mwaka ule. Ben-Hur ni filamu ya farasi na majeshi. Ya Zinnemann inamfuata mwanamke mmoja anayepigana na utii wake mwenyewe, na Audrey Hepburn anauonyesha ugomvi huo kwa macho tu, kwa sababu sehemu nyingine zote za mwili wake zimefunikwa. Lakini wahakiki wale wale hawakujishughulisha na jambo ambalo mtu wa Kisangani angeliona mara moja. Wakongomani wawili wenye majina katika hadithi, Kalulu na Illunga, waliigizwa na Orlando Martins, mzaliwa wa Lagos, na Errol John wa Trinidad. Walikuwa waigizaji wazuri. Ila mji mzima wa Stanleyville ulikuwa pale, na ukatumika kuwa mandhari. Haikupita hata miezi mitatu tangu usiku ule wa Ben-Hur, Kongo ikapata uhuru.

Mtazamaji wa Kiafrika wa zama hizo hakuwa hata na nafasi ya kuwa na maoni. Wakoloni waliwatenga watazamaji, na filamu za kuonyeshwa Waafrika zilichujwa kwanza. Mapadre walizunguka na mashine zao wakionyesha vichekesho vya mafundisho, maarufu kati yavyo vile vya Matamata na Pilipili vya padre Albert Van Haelst huko Kasai. Watu walicheka sana, na wale wazee walikuwa wacheshi wa kweli. Lakini hakuna aliyewauliza kama wanavipenda kuliko filamu za Bogart.

Halafu ikaja Tingi-Tingi.

Watu wa Lubutu hawahitaji kuelezwa. Kuanzia Desemba 1996 wakimbizi wa Kirwanda zaidi ya laki moja, waliofukuzwa na vita kutoka kambi za Kivu, walikusanyika kilomita chache kutoka mjini. Ndege za misaada zilitua juu ya barabara yenyewe. Mwisho wa Februari 1997, askari wa waasi wa AFDL walipokaribia, umati ule ukakimbia tena, ukavuka mto Lubutu na kuingia msituni kuelekea Ubundu. Walionusurika walisambaa kando ya reli ya kutoka Ubundu kwenda Kisangani. Huko ndiko alikowakuta Mwaustria Hubert Sauper, aliyepanda treni pamoja na watu wa Umoja wa Mataifa akiwa na kamera. Filamu yake, Kisangani Diary, ilitoka mwaka 1998. Ni fupi, haifiki saa nzima. Haina mtaalamu anayefafanua wala ramani inayopakwa rangi. Treni inakwenda polepole, na kando ya reli wametapakaa watu waliokonda mpaka hujui nani yu hai na nani amekwisha kufa.

Kinyang'anyiro kikubwa cha tuzo hakikuihusu. Kiliihusu ile iliyozaliwa nayo. Sauper ameeleza mwenyewe kwamba katika safari hiyo ya 1997 aliona ndege mbili kubwa za mizigo: moja imeleta tani 45 za njegere za manjano kutoka Marekani za kuwalisha wakimbizi, nyingine inapaa kwenda Ulaya na tani 50 za minofu ya samaki. Kutokana na picha hiyo alitengeneza Darwin's Nightmare, filamu ya mwaka 2004 kuhusu sangara wa Ziwa Victoria, viwanda vya Mwanza, marubani wa Kirusi na watoto wa mitaani. Wahakiki wa Ulaya waliipokea kwa mikono miwili. Mwaka 2004 ikawa filamu bora ya hali halisi katika tuzo za filamu za Ulaya. Mwaka 2006 ikapata César ya filamu ya kwanza ya mkurugenzi, na mwaka huohuo ikateuliwa kwa Oscar. Ikashindwa na March of the Penguins, filamu ya ndege wa barafu iliyoingiza zaidi ya dola milioni 70 Marekani peke yake.

Nyumbani Tanzania mambo yalikuwa mengine. Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani mwaka 2006, na Mwanza watu waliandamana wakisema mji wao umepakwa matope. Ufaransa, mwanahistoria François Garçon aliandika kwamba madai ya silaha kupitia ndege za samaki hayakuthibitishwa. Sauper akampeleka mahakamani kwa kumkashifu, akashinda.

Nimeitazama filamu hiyo kwa makini, na naona watu wa Mwanza walikuwa na hoja. Silaha zinadokezwa na mazungumzo, hazionekani. Mvuvi na mama anayekausha mapanki, yaani mabaki ya samaki, wanapewa nafasi ya kusikitisha na hawapewi nafasi ya kubisha. Hata hivyo sikubaliani na waliotaka ifungiwe, kwa maana ndege zile mbili zilikuwepo, na mzigo wa moja ulikuwa wa watu waliotoka Tingi-Tingi. Kinachoniuma ni kwamba ukumbi wa Oscar uliwafikia sangara na haukuwafikia wale wa kando ya reli. Kati ya filamu mbili za Sauper, ile fupi ndiyo nzito.

Tangu hapo jina la Kongo limekuwa likisikika mara kwa mara kwenye orodha hizo, ila kwa bendera za wengine. Tuzo ya filamu ya kimataifa, zamani ya filamu ya kigeni, ilikuwa na sheria yake: kila nchi ilipeleka filamu moja, iliyochaguliwa na kamati iliyotambuliwa na waandaaji wa Oscar. Rebelle ya Kim Nguyen ilipigwa Kinshasa, na Rachel Mwanza, binti aliyekuwa akiishi mitaani, alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike Berlin mwaka 2012. Kwenye Oscar za 2013 iliteuliwa kwa jina la Kanada. Félicité ya Alain Gomis, ya Kinshasa tupu na Kilingala chake, ilitwaa tuzo kuu ya majaji Berlin na farasi wa dhahabu wa tamasha la FESPACO mwaka 2017, ikapelekwa Oscar na Senegali. Augure ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, ikapelekwa na Ubelgiji mwaka 2023. Upande wa filamu za hali halisi, Virunga, filamu ya Waingereza kuhusu askari wa hifadhi ya Kivu Kaskazini, iliteuliwa mwaka 2015 ikashindwa na Citizenfour. Mwaka 2025 Soundtrack to a Coup d'Etat ya Mbelgiji Johan Grimonprez, juu ya kuuawa kwa Patrice Lumumba, ilishindwa na No Other Land, ambayo wahakiki wa New York walikuwa wameshaipa kura yao. Lumumba huyo, kabla ya Stanleyville na kabla ya siasa, alikuwa karani wa kampuni ya madini ya Symétain huku kwetu Maniema.

Ni huko Ouagadougou, mbele ya majaji wa FESPACO, ambako Mkongomani alishinda tuzo kuu kwa jina lake mwenyewe. Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, alipata farasi wa Yennenga mwaka 1999 kwa Pièces d'identités, hadithi ya mfalme mzee anayekwenda Brussels kumtafuta binti yake. Viva Riva! ya Djo Munga ikafuata mwaka 2011, ikizoa tuzo sita za sinema ya Afrika huko Nigeria.

Kisha Kisangani ikamtoa mwanawe. Dieudo Hamadi alizaliwa huko mwaka 1984, akasomea udaktari kabla ya kushika kamera. Maman Colonelle yake inamfuata afisa wa polisi Honorine Munyole anapohamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani kulinda wanawake na watoto. Ilipata tuzo kuu ya Cinéma du Réel mjini Paris mwaka 2017. En route pour le milliard inawapanda mashuani walemavu wa vita vya siku sita, vile vya Juni 2000 ambapo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigania mji usio wao. Wanashuka mto kilomita 1,700 mpaka Kinshasa kudai fidia waliyoahidiwa, wakiwa na miguu ya bandia iliyochakaa, mvua ikiwapiga chini ya turubai. Cannes iliiweka kwenye orodha yake rasmi ya mwaka 2020, ingawa korona ilizuia tamasha lenyewe, na Leipzig ikaipa njiwa wa dhahabu. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo fidia ya vita ya dola milioni 325.

Wahakiki wengi wataitaja En route pour le milliard kuwa kazi kubwa ya Hamadi, na sitagombana nao sana. Lakini kura yangu naipa Examen d'État, iliyopata tuzo Paris mwaka 2014. Wanafunzi wa Kisangani wanafukuzwa darasani kwa sababu hawajalipa pesa za walimu, na mtihani wa serikali umekaribia. Wanapanga nyumba wasome pamoja. Wanaombewa kanisani, wanatafuta wa kuwauzia majibu, wanakesha. Mgeni ataiona rushwa na kutikisa kichwa. Mzazi wa Lubutu atawajua wale vijana, ataujua mpangilio wa ile pesa na nani hupokea sehemu gani, na ataweza kusema mahali gani Hamadi amepita haraka mno: kwa mwalimu, ambaye naye hajalipwa na ambaye kamera haikai naye hata kidogo kama inavyokaa na wanafunzi wake.