Wahudumu wa Meno na Kazi ya Kila Mmoja Wao



Katika siku za jubilei twapenda kuwakumbuka maaskofu, mapadre, masista na makatekista waliopanda mbegu ya dini katika Buhaya. Ndivyo ipasavyo. Walakini sisi tumeona vema kuandika habari za watumishi wasiotajwa sana, ndio wale watuondoleao maumivu ya meno. Pengine msomaji atacheka. Lakini yule aliyekesha usiku kucha ameshika shavu lake hatacheka. Mwenye jino bovu hawezi kutafuna kahawa pamoja na wageni wake. Senene zikija, hana fungu lake. Hata kanisani husikia jino lake kuliko mahubiri. Wala Kanisa halikuyadharau maumivu hayo. Tangu zamani Wakristo wenye kuumwa meno humwomba Mtakatifu Apolonia wa Alexandria, ambaye watesi walimpiga mataya hata meno yake yakatoka, kisha akafa shahidi mwaka 249. Sikukuu yake ni tarehe 9 Februari.

Hapo mwanzo: mtu mmoja, kazi zote

Mapadre Weupe walipofika Kashozi mwaka 1892, hapakuwa na daktari wa meno katika nchi hii. Watu waliwaendea waganga wa jadi, waliojua miti na majani. Katika misheni nyingi za siku zile, mmisionari naye alikuwa na sanduku lake la dawa, na mkono ule ule uliobatiza ndio uliofunga vidonda.

Kardinali Lavigerie, aliyelianzisha shirika la Mapadre hao mwaka 1868, aliona mapema ya kuwa haitoshi. Alitaka Waafrika wenyewe wafundishwe uganga, wapate kuwa makatekista na matabibu pamoja. Kwa hiyo mwaka 1881 ilifunguliwa shule katika kisiwa cha Malta kwa ajili ya vijana Waafrika.

Mfano wake mkuu katika nchi yetu hauko Buhaya, bali uko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Huko alifika mwaka 1889 Adriani Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadre, akasomeshwa huko Malta. Alikaa Karema akifundisha dini na kutibu wagonjwa hata alipokufa mwaka 1956, yaani zaidi ya miaka 60. Mtu kama huyo hakuweza kumwambia mgonjwa, "Mimi ni wa macho tu, nenda kwa mwenzangu." Mwenzake hakuwapo. Basi twamheshimu sana. Lakini tusisahau jambo moja: hakujitwalia kazi ile kwa kuwa na ujasiri tu. Alijifunza kwanza, ndipo akashika kisu.

Kazi yagawanywa

Mtumbwi mdogo waweza kupelekwa na mtu mmoja. Ukiwa mkubwa, yahitajiwa awepo wa kupiga kasia, wa kushika usukani, na wa kutoa maji. Ndivyo ilivyokuwa katika kazi ya meno. Mwaka 1979 kulianzishwa Muhimbili, katika Dar es Salaam, mafundisho ya madaktari wa meno, na masomo yao ni ya miaka 5. Tanga na Mbeya zikapata shule za matabibu wa meno. Tena wako matabibu waliorudi masomoni wakawa madaktari wasaidizi wa meno.

Sasa tumfuate mgonjwa aingiapo mlangoni, tuone kila mtumishi na kazi yake.

Wa kwanza ni karani. Yeye aandika jina la mgonjwa na umri wake, na kutafuta cheti chake cha zamani. Msidhani ni kazi ndogo. Karani akikosea cheti, daktari aweza kumpa mtu dawa iliyokwisha kumdhuru siku nyingine.

Wa pili ni muuguzi au msaidizi wa meno. Yeye huosha koleo na vyombo vyote, kisha huvitakasa kwa mvuke wa moto mkali, ili ugonjwa wa mtu mmoja usimwingie mwingine. Wakati wa kutibu husimama karibu, humpa daktari chombo atakacho, na kumtuliza mtoto anayelia.

Wa tatu ni tabibu wa meno. Huyu ndiye watu wa vijijini wamwonao mara nyingi. Achungua kinywa, apiga sindano ya ganzi, ang'oa jino lisilopona, aziba lililotoboka, tena afundisha watu kutunza meno. Nchi yetu ina sifa katika jambo hilo. Katikati ya miaka ya 1980 ilijaribiwa hapa Tanzania njia ya kusafisha tundu la jino kwa vyombo vya mkono tu, bila umeme wala mashine, kisha kuliziba. Mwaka 1994 Shirika la Afya la Ulimwengu likaisifu njia hiyo kwa mataifa yote.

Wa nne ni daktari wa meno. Taya lililovunjika, uvimbe usioeleweka, jipu liletalo homa na kuziba koo, hayo ni yake. Yanayomshinda humpelekea daktari bingwa. Naye huwasimamia wengine na kujibu kwa makosa yao.

Wa tano ni fundi wa meno ya bandia. Mgonjwa aweza asimwone kamwe, lakini mzee aliyekula uji miaka mingi akitafuna nyama tena, ni kwa kazi ya mikono ya fundi huyo.

Wa mwisho ni mwenye kufagia na kuchukua takataka. Sindano moja iliyoachwa sakafuni yaweza kumwangamiza mtu. Basi ni nani atakayesema ya kuwa yeye ni mdogo?

Hatari ya kushika kazi ya mwingine

Sasa twasema neno lenye uchungu. Kwa miaka mingi katika nchi yetu, na katika Uganda jirani yetu, imeenea habari ya meno ya nailoni, au ya plastiki. Mtoto mchanga akiwa na homa na kuhara, watu hutazama ufizi wake, huona uvimbe mweupe, husema, "Haya ndiyo yamwuayo." Ndipo humpeleka kwa mtu asiyejifunza, naye huuchimba ufizi kwa kisu au msumari. Kumbe uvimbe ule ni chonge za utotoni ambazo hazijatokeza bado. Mtoto hutokwa damu nyingi, huweza kupata pepopunda, na meno yake ya ukubwani huweza kuharibika. Na kuhara kule, kulikokuwa ugonjwa wenyewe, kumeachwa bila dawa.

Sisi nasi tuna kosa. Katika safari zetu za kufundisha, mama mmoja alituuliza kama amchimbishe mwanawe meno hayo. Tulinyamaza, tukidhani ya kuwa kazi yetu ni katekisimu tu. Mtoto akachimbwa, nasi tukaitwa kumzika. Tangu siku ile tumejua ya kuwa katekista hana ruhusa ya kushika koleo, lakini hana ruhusa pia ya kunyamaza. Kung'oa si kazi yetu. Kusema, "Mpeni maji yenye chumvi na sukari ya kuharia, mpelekeni zahanati leo hii," hiyo ndiyo kazi yetu.

Sisi wa Rubafu, tukaao kando ya Ziwa kaskazini ya mji wa Bukoba, twajua ya kuwa safari ya hospitali ni ndefu, na mwenye kisu wa kijijini yu karibu. Lakini ukaribu si ujuzi.

Basi, waalimu, wafundisheni watoto kupiga mswaki asubuhi na jioni, na kutokula vitu vya sukari mchana kutwa. Wazazi, msingoje hata shavu livimbe. Nanyi watumishi wa meno, tangu karani hata daktari, pokeeni shukrani zetu. Mwenyezi Mungu, aliyekiumba kinywa ili kimsifu, awabariki kila mmoja katika sehemu yake.