Soma bila bando: Programu za kutunza makala kwenye simu na la kuangalia kabla hujaziamini

Makala uliyoikuta asubuhi ukiwa Moshi mjini inaweza kugoma kufunguka jioni ukiwa Kibosho, Uru au Rombo. Mabonde na migongo ya Kilimanjaro huzuia mawimbi ya simu, na bando nalo huisha bila kuaga. Hapo ndipo programu za kutunza makala zinaposaidia: unasevu ukiwa na mtandao, unasoma baadaye bila mtandao.

Zinafanyaje kazi?

Ukipata makala, unabonyeza alama ya kushea kisha unachagua programu yako. Inachukua maandishi, inaacha matangazo, na kuweka nakala ndani ya simu.

Kumbuka, linki siyo makala. Ukijitumia linki WhatsApp umetunza anwani tu. Bila data haifunguki, na mwenye tovuti akiifuta ndiyo imekwenda.

Chaguo zilizopo

- Chrome (Android): Huhitaji programu mpya. Bonyeza vidoti vitatu juu kulia, kisha mshale unaoelekea chini. Ukurasa unabaki kwenye simu.
- Safari (iPhone): Weka makala kwenye Reading List, lakini kwanza ruhusu kwenye mipangilio zitunzwe kwa kusomwa bila mtandao.
- Instapaper: Ipo tangu 2008. Ina huduma ya bure na folda za kupanga makala.
- wallabag: Msimbo wake ni wa wazi. Mwenye utaalamu anaweza kuiendesha kwenye seva yake mwenyewe.
- Kiwix: Hii si ya habari za kila siku. Inakuwezesha kushusha Wikipedia ya Kiswahili na kuisoma bila mtandao.

Panga mapema

Folda tatu au nne zinatosha. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi anaweza kuwa na ya masomo, ya ajira na ya habari. Mkulima wa Machame anaweza kuwa na ya kahawa na ya migomba. Ukimaliza kusoma, futa, maana simu nayo hujaa.

Kwa waongozaji na wapagazi, Agosti 2022 serikali ilizindua intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, baridi hula betri, na simu inayotafuta mtandao huila zaidi. Sevu kabla ya geti la Marangu, kisha zima data.

Usiziamini asilimia mia

Pocket ilikuwa kati ya programu maarufu zaidi za kazi hii. Ilianza 2007 ikiitwa Read It Later, na 2017 ikanunuliwa na Mozilla. Tarehe 8 Julai 2025 ilifungwa. Watumiaji walipewa muda wa kutoa orodha zao kabla hazijafutwa, lakini hata waliowahi walipata linki, siyo maandishi ya makala. Kabla yake, Novemba 2024, Omnivore nayo ilifungwa.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza makala mia kwenye programu yoyote:

1. Angalia kama ina sehemu ya kutoa data zako, na uitumie mara kwa mara.
2. Makala muhimu, kama maelekezo ya mkopo wa chuo au ushauri wa dawa za mimea, igeuze kuwa PDF. Kwenye Chrome, nenda kushea, chagua kuprinti, kisha sevu kama PDF.
3. Weka nakala ya faili hilo sehemu ya pili, kwa mfano memori kadi au kompyuta.

Mwisho, ijaribu. Kabla ya kupanda daladala, zima data na ufungue makala moja. Ikifunguka yote, umeitunza. Ikizunguka tu, ulichonacho ni linki.