Karura, Shamba la Nabothi na Miti ya Tandale



Wapendwa ndugu katika Kristo, katika tafakari ya juma hili napenda tutazame jambo ambalo wengi wetu hulipita kila siku bila kulitupia jicho: miti ya mjini, na watu waliosimama kuitetea ilipotaka kukatwa ili kupisha majengo.

Anayetembea katika jiji letu la Dar es Salaam hutembea katikati ya majina ya miti. Mikocheni ni mahali pa mikoche. Mkwajuni pana mkwaju katika jina lake. Mwembechai kule Magomeni na Mwembeyanga kule Temeke huutaja mwembe, Mivinjeni kule Kurasini huitaja mivinje, na Mnazi Mmoja hauhitaji mfasiri. Wazee waliotutangulia walipotaka kumwelekeza mgeni walimtajia mti, kwa maana kila mtu aliujua, na chini yake watu walikutana, waliuza, walipatana na kuamuliwa mashauri yao. Leo majina hayo yangali yakiitwa na makondakta wa daladala kila asubuhi, lakini miti mingi iliyoyazaa haipo tena.

Hata hivyo, miti ya jiji hili haijapata kugawanywa kwa usawa. Tangu enzi za Wajerumani, na kisha za Waingereza, mji uligawanywa katika kanda tatu kwa kufuata aina ya majengo, na kwa kweli kwa kufuata rangi ya watu. Ukanda wa Wazungu ulipewa nyumba zenye nafasi, bustani na barabara zenye miti. Barabara tunayoiita leo Samora Avenue, Wajerumani waliiita kwa jina la miti ya mikakaya, na Waingereza nao wakaiita Acacia Avenue. Ukanda wa Waafrika ulipewa viwanja vidogo vya kubanana. Na uwanja wa Mnazi Mmoja ulio wazi kati ya Kariakoo na mtaa wa biashara uliachwa uwe mpaka wa kuwatenga watu, ingawa wananchi waliugeuza baadaye kuwa mahali pa kukutania. Kwa hiyo kivuli nacho kina historia yake ya haki na dhuluma.

Sisi wa Tandale ni warithi wa historia hiyo. Nyumba zetu nyingi zilisimama kabla ya ramani, na nafasi ya mti ikabaki ile aliyoiacha mwenye nyumba kwa hiari yake: mwembe wa uani, mwarobaini wa pembeni mwa njia, mkungu ulio mbele ya genge. Miti ya namna hii haikatwi na adui. Kijana wa nyumba anaoa, chumba kimoja kinaongezwa, mti unaanguka. Mpangaji anahitaji choo, mti unaanguka. Hakuna anayeandika gazetini, kwa maana kila mti uliokatwa ulikuwa na sababu inayoeleweka.

Kabla ya kusema tufanye nini, na tuende kwanza Nairobi kwa jirani zetu, kwa sababu huko jambo hili lilipiganiwa waziwazi, na aliyekuwa mbele alikuwa mwana wa Kanisa.

Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika wilaya ya Nyeri. Alisomeshwa na masista katika misheni ya Mathari, ambako alijiunga na Legio ya Maria, na baada ya kuwa Mkatoliki aliitwa Mary Josephine. Baadaye alisoma kwa masista wa Loreto huko Limuru, kisha kwa Wabenediktini wa Atchison, Kansas, nchini Marekani. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na hapo ndipo ulipoanza mwendo uliokuja kuitwa Green Belt Movement. Kati ya miti ile saba, mitano ilikufa na miwili tu ndiyo iliyokua. Tuikumbuke hesabu hiyo, kwa maana tutairudia.

Mwaka 1989 ilijulikana kwamba ndani ya Uhuru Park, bustani ya wananchi katikati ya Nairobi, kungejengwa jumba la ghorofa 60 kwa ajili ya gazeti la chama tawala. Mama Wangari alianza kwa kalamu. Aliwaandikia wenye mradi, Ofisi ya Rais na mashirika ya Umoja wa Mataifa, akiuliza kwa nini mahali pa pekee ambapo mtu asiye na fedha hujipumzisha bila kulipa pachukuliwe. Alikwenda pia Mahakama Kuu, na shauri lake likatupwa: mahakama ilisema hana haki ya kulileta, kwa kuwa hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi. Bungeni alidhihakiwa kwa kuwa mwanamke aliyeachika. Shirika lake likafukuzwa katika ofisi za serikali. Lakini barua zilikwisha kusomwa na walimwengu, wakopeshaji wakasita na mradi ukakwama. Mwaka 1992 uzio ukaondolewa.

Inafaa kukumbuka kwamba katikati ya mapambano hayo, tarehe 1 Januari 1990, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliutoa ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani juu ya amani na Mungu Muumba na amani na viumbe vyote, akifundisha kwamba uharibifu wa mazingira ni tatizo la maadili. Kwa hiyo yule mama wa Nyeri hakuwa akifanya jambo geni kwa imani aliyolelewa nayo.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja miaka tisa baadaye. Kaskazini mwa Nairobi upo msitu wa Karura, wenye takriban hekta 1,000, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Mwaka 1998 ilibainika kwamba sehemu kubwa ya msitu huo ilikuwa imegawiwa makampuni ya watu binafsi ili zijengwe nyumba za fahari. Mgawo huo ulifanyika kimyakimya. Watu walishtuka walipoona miti imeangushwa na mitambo imeingia. Mama Wangari na wenzake waliandika barua tena, kisha wakaingia msituni na miche na majembe, wakapanda pale palipofyekwa. Mwezi Oktoba mwaka huo umati uliichoma moto mitambo ya ujenzi, na hasira ikapanda pande zote mbili.

Tarehe 8 Januari 1999 walikwenda tena, safari hii pamoja na wabunge, waandishi wa habari na wageni kutoka nje. Walipozuiliwa langoni waliomba wapande mti mmoja tu pale nje. Walinzi waliokodiwa waliwashambulia kwa mapanga, mijeledi na marungu, na Mama Wangari akapasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi kutoa taarifa, aliitia sahihi kwa damu iliyokuwa ikimtoka kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani kwa siku kadhaa, nao wakapigwa. Hatimaye, tarehe 16 Agosti 1999, Rais Daniel arap Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wote wa ardhi ya umma.

Ndugu zangu, anayesoma Biblia hawezi kuisikia habari hii bila kumkumbuka Nabothi wa Yezreeli, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi kwa kuwa lilikuwa karibu na ikulu yake, naye akaahidi fedha au shamba jingine. Nabothi alikataa kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake. Ndipo Yezebeli alipoandika barua kwa muhuri wa mfalme, wakatafutwa mashahidi wa uongo, na Nabothi akapigwa mawe. Tutazame vifaa vilivyotumika: barua, muhuri, baraza la wazee na mashahidi. Dhuluma ile ilivishwa mavazi ya sheria tangu mwanzo hadi mwisho. Naye Eliya, alipotumwa na Bwana, alimkuta Ahabu mle mle shambani, akamwuliza waziwazi juu ya kile kilichofanyika kwa siri.

Hapo ndipo naona kiini cha habari ya Karura. Miche ilikuwa alama, na majeraha yalikuwa gharama. Kilichouokoa msitu ule kilikuwa swali lililoulizwa hadharani bila kuchoka: ardhi hii ni ya nani, na ni nani aliyeitoa? Swali hilo liliendelea kufanya kazi hata baada ya makovu kupona. Mwaka 2003 serikali mpya ya Kenya iliunda tume chini ya wakili Paul Ndung'u kuchunguza ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 2004, mwaka uleule Mama Wangari alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Sheria ya misitu ya mwaka 2005 iliwapa wananchi nafasi ya kushiriki katika utunzaji wa misitu, na mwaka 2011, mwaka aliofariki, Karura ilifunguliwa kwa umma ikiwa na uzio na njia za kutembelea. Hata mkuyu mkongwe wa Waiyaki Way, uliokuwa ukatwe mwaka 2020 kupisha barabara ya juu, uliachwa kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta baada ya wananchi kupaza sauti.

Na sisi Watanzania tusidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo ya Namanga. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, hapa hapa Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga taka katikati ya makazi yao, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Jiji liliporudi kuomba muda zaidi, lilikataliwa, na mahakama ikasema kwamba kumwekea mtu moshi na uvundo mlangoni kunaigusa haki yake ya kuishi iliyomo katika Katiba. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtambulia kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kwenda mahakamani kuitetea. Mlango ule ambao Mama Wangari alifungiwa mwaka 1989, kwetu sheria imeufungua.

Lakini najua kuna atakayeniuliza: Padre, Karura iliporwa na wakubwa, hapa Tandale anayekata mwembe ni mama mjane anayetafuta kodi ya chumba kimoja. Je, naye ni Ahabu? Hapana. Mjane huyo yu karibu zaidi na Nabothi, na yeyote atakayemhubiria juu ya kivuli bila kujali watoto wake wamelala wapi atakuwa ameikosea Injili. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, alikataa kabisa kutenganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Tusiwabebeshe maskini peke yao deni la miti ambayo mipango ya mji haikuwapa nafasi ya kuipanda.

Ndiyo maana macho yetu yaelekee kwanza kwenye vile tulivyo navyo kwa pamoja: kingo za Mto Ng'ombe, viwanja vya shule, eneo la soko, kando ya barabara, na uwanja wa kanisa. Sheria niliyoitaja inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sisi tunaojua maji ya mvua za masika yanavyoingia vyumbani hatuhitaji kuelezwa sababu. Hapo ndipo panapohitaji swali la Eliya: eneo hili ni la nani, na nani anasema limeuzwa? Mwaka 2011 wakazi wa Tandale, wakishirikiana na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, waliichora wenyewe ramani ya mtaa wao, njia kwa njia, choo kwa choo. Waliochora vyoo na visima hawawezi kushindwa kuhesabu miti. Jumuiya ndogondogo zetu zikiijua miti na maeneo ya wazi ya mtaa wao, na zikayataja katika mkutano wa wakazi wa mtaa mbele ya mwenyekiti na mtendaji, yatakuwa na mashahidi wa kweli siku atakapokuja mtu na barua yenye muhuri.

Pili, tuikumbuke hesabu ya Kamukunji: saba ilipandwa, miwili ikakua. Kupanda ni kazi ya siku moja na picha zake hupendeza. Kumwagilia wakati wa kiangazi na kuwazuia mbuzi ni kazi ya miaka mitatu bila picha. Familia moja ikiukubali mche mmoja na kuutunza mpaka uweze kujisimamia, itakuwa imefanya zaidi ya sherehe ya miche mia.

Tatu, tusisahau kwamba mkaa wa majiko yetu una mahali unakotoka. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi kule Kisarawe, iliyo kwa Dar es Salaam kama Karura ilivyo kwa Nairobi, imeliwa miaka mingi na mahitaji ya jiji hili. Mwenye uwezo wa kubadili nishati ya jikoni na abadili; asiye na uwezo tumsaidie badala ya kumlaumu.

Torati, katika Kumbukumbu la Sheria sura ya 20, iliwakataza Waisraeli kuikata miti ya matunda hata walipokuwa vitani na kuuzingira mji wa adui. Ikiwa Mungu aliiwekea miti ulinzi wakati wa vita, sisi tulio katika amani tutajitetea kwa lipi?

Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili, viongozi wa jumuiya tubaki kidogo tuanze kuhesabu. Tutaanza na miti iliyomo ndani ya uwanja wetu wenyewe.

Mwenyezi Mungu awabariki nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.