Séamus Ennis: alienda na kinga kutafuta nyimbo za wazee

Séamus Ennis alikuwa mpiga mziki, mwimbaji na msimulizi wa hadisi huko Ayalandi. Alizaliwa tarehe 5 Mei 1919 huko Finglas, karibu na Dublin. Baba yake alikuwa mpiga zumari za mfuko, na mtoto naye akafuata njia hiyo. Zumari hizo za Ayalandi hazipulizwi na kinywa: mpigaji anakaa chini na kukandamiza mvukuto kwa kiwiko, hewa njo inaingia mfukoni.

Mwaka 1942, vita ya pili ya dunia ikiendelea, tume ya serikali ya kukusanya mapokeo ya wananchi ilimpa kazi. Alipewa kalamu, karatasi na kinga. Kazi haikungoja: lugha ya Kiayalandi ilibakia zaidi katika vijiji vya magharibi, na kila mzee aliyekufa alienda na nyimbo zake.

Kwa miaka mitano Ennis alizunguka vijiji hivyo. Watu walimpokea sababu alizungumza lugha yao, hata kwa matamshi ya kila eneo, na yeye pia alikuwa na mziki wa kuwapa. Mzee akiimba, yeye anaandikaka maneno pamoja na noti, kwa kusikia tu. Huko Connemara, mtu mmoja aitwaye Colm Ó Caodháin, mkulima na mvuvi, alimpa nyimbo na masimulizi zaidi ya 200. Wakakuwa marafiki wakubwa.

Mwaka 1947 aliingia katika redio ya taifa, Radio Éireann, akitembea na mashini za kunasa sauti. Mwaka 1951 BBC ya Uingereza ikamchukua kwa kazi hiyo hiyo. Sasa sauti za wanakijiji zilisikika redioni, wakiimba wao wenyewe.

Alirudi Ayalandi akiendelea kupiga zumari na kusimulia hadisi mbele ya watu. Mwisho aliishi kwenye karavani, nyumba ya magurudumu, huko Naul. Alikufa tarehe 5 Oktoba 1982, akiwa na miaka 63. Zumari zake alimwachia kijana aliyemfundisha, Liam O'Flynn.

Maandishi yake yanatunzwa katika chuo kikuu cha Dublin. Wazee aliowaandika wamekwisha kufa wote, lakini vijana wanajifunza nyimbo zao hadi leo.