Dick Francis: Kutoka Tandikoni hadi Kwenye Riwaya

Tarehe 24 Machi 1956, katika uwanja wa Aintree, Liverpool, farasi Devon Loch alikuwa amekwisharuka viunzi vyote 30 vya mbio za Grand National na kuwaacha wenzake nyuma. Zilibaki mita zisizofika 50, na mwenye farasi, Malkia Mama Elizabeth, alikuwa akitazama. Ghafla Devon Loch akainua miguu ya mbele kana kwamba anaruka kiunzi kisichokuwepo, kisha akaangukia tumbo. Farasi mwingine, E.S.B., akampita, akashinda. Hadi leo watu wanabishania sababu. Aliyempanda, Dick Francis, aliamini ni kelele za umati zilizomshtua mnyama.

Wengi humkumbuka kwa tukio hilo tu, na kwa maoni yangu wanamdhulumu. Mzaliwa huyu wa Wales aliacha shule akiwa na miaka 15, akarusha ndege za kivita wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akashinda mbio zaidi ya 350. Msimu wa 1953/54 alikuwa bingwa wa wapanda farasi wa viunzi nchini Uingereza. Ilikuwa kazi ya kuvunjika mitulinga na mbavu, ukaungwa, ukarudi tandikoni. Mwaka 1957, baada ya kuanguka vibaya tena, alishauriwa aache. Alikuwa na miaka 36.

Mwaka huohuo alichapisha tawasifu yake, akaanza kuandikia gazeti la Sunday Express, kazi aliyoifanya miaka 16. Malipo hayakutosha, ndipo akajaribu riwaya. Dead Cert ilitoka 1962, na baada yake karibu kila mwaka kulikuwa na kitabu kipya. Mashujaa wake wanajua maumivu: Sid Halley, kwa mfano, ni mpanda farasi aliyepoteza kazi baada ya mkono wake kuharibika.

Lakini vitabu hivyo haviwezi kusimuliwa bila mkewe, Mary. Ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya utafiti na kuhariri. Alijifunza hata kurusha ndege kwa ajili ya riwaya moja. Aliwahi kuugua polio, na katika Forfeit, riwaya iliyompatia Francis tuzo ya Edgar ya riwaya za uhalifu, mke wa mhusika mkuu amepoozwa na ugonjwa huohuo. Mary alipofariki mwaka 2000, Francis alinyamaza hadi 2006. Riwaya zake za mwisho aliziandika na mwanawe Felix, ambaye aliendelea na kazi hiyo baada ya baba yake kufariki katika visiwa vya Cayman, Februari 2010.