Ubingwa uliobaki kwa Saracens

Raga ya Diani ni ya watu wanaoshinda kazini na kuvaa njumu jioni. Hata hivyo, kesi ya Saracens ya London haikuwa ya mbali kwetu mashabiki wa klabu ya hapa, South Coast Pirates. Impala ya Nairobi ilicheza miaka kadhaa kwa jina la Impala Saracens, na yaliyoipata Saracens tuliyafuatilia kwa karibu.

Ligi ya Uingereza ilikuwa na kikomo cha mishahara, pauni milioni 7 kufikia msimu wa 2017-18, ili ubingwa usinunuliwe. Nigel Wray, mwenyekiti wa Saracens, akaingia ubia wa nyumba na kampuni pamoja na baadhi ya wachezaji wake. Jopo la Lord Dyson likaamua kwamba fedha za ubia huo ni sehemu ya mshahara. Msimu wa 2016-17 klabu ilipitisha kikomo kwa zaidi ya pauni milioni 1.1, ikakipitisha tena msimu wa 2017-18, na msimu wa 2018-19 kwa zaidi ya pauni 900,000. Novemba 2019 ikatozwa faini ya pauni milioni 5.36 na kukatwa pointi 35. Januari 2020 ikashushwa daraja.

Wengi waliiona adhabu hiyo kuwa kali. Mimi naitazama Exeter, iliyofungwa na Saracens katika fainali ya 2018, 27-10, na tena ya 2019, 37-34. Misimu yote miwili Saracens ilikuwa imepitisha kikomo, lakini kanuni za wakati ule hazikuruhusu kuipokonya ubingwa. Faini haikwenda kwa aliyedhulumiwa.

Australia, kwenye raga ya wachezaji 13, Melbourne Storm ilipokonywa mataji ya 2007 na 2009 kwa kupitisha kikomo cha mishahara, kisha ikacheza msimu wa 2010 bila kuhesabiwa pointi. Hapo haki ilikaribia, ingawa wachezaji walitoa jasho miezi mizima kwa kosa lililopangwa ofisini, na Manly na Parramatta, zilizofungwa kwenye fainali hizo, hazikupewa mataji.

Huko Uingereza, Machi 2022 Leicester nayo ilitozwa faini ya pauni 309,841 kwa makosa ya kikomo ya misimu minne, bila kukatwa pointi. Juni ikatwaa ubingwa.

Baada ya ripoti ya Lord Myners ya 2020 kuhusu kikomo hicho, kanuni za Uingereza sasa zinaruhusu kupokonya mataji. Ligi yetu ya Kenya Cup ikifikia siku ya kuweka kikomo, kifungu kama hicho kiandikwe kabla ya mechi ya kwanza.