Embaire: muziki, fizikia na kompyuta katika elimu ya juu ya Uganda

Embaire ni marimba kubwa ya Wasoga wa mashariki mwa Uganda. Vibao vyake vya mti hulazwa juu ya mashina mawili ya migomba, na katika kijiji cha Nakibembe huwekwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini ili mngurumo wa vibao vikubwa upate pa kuvumia. Wapigaji huketi pande zote mbili, kila mmoja na sehemu yake. Busoga yenyewe inaanzia Jinja kwenye ukingo wa Nile, inapita kilima cha Wanyange kinachotazama Ziwa Victoria na Bugembe, makao ya ufalme, kisha inaenda mashariki kuelekea Mbale, mji wa Wagisu. Ala hii, pamoja na jamaa zake wa Buganda, amadinda na akadinda, ni mfano bora kabisa Afrika Mashariki wa somo ambalo mwanafunzi wa muziki na mwanafunzi wa fizikia wanaweza kulisoma wakiwa benchi moja.

Historia

Utafiti wa sauti za Uganda ulizaliwa ukiwa sanaa na sayansi kwa pamoja. Klaus Wachsmann, aliyezaliwa Berlin mwaka 1907 na kuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda kuanzia 1948 hadi 1957, alizunguka nchi akiwa na kinasa sauti. Mwaka 1950 alichapisha katika jarida la sayansi la Nature vipimo vya kinubi cha Kiganda, akionyesha kwamba nyuzi zake zilipangwa kwa hatua zinazokaribia kulingana. Muziki wa baraza la kabaka, mfalme wa Buganda, ulikuwa umeingia katika jarida la wanafizikia na wanabiolojia.

Gerhard Kubik kutoka Austria alifika Kampala mwishoni mwa miaka ya 1950, akajifunza amadinda kwa Evaristo Muyinda. Aliandika nyimbo kwa safu za tarakimu, 1 hadi 5, njia ambayo leo kompyuta inaisoma bila tabu. Mwaka 1990 Peter Cooke, aliyewahi kufundisha Uganda, alirudi na kufanya majaribio ya usikivu wa sauti kwa wanamuziki wa Buganda na Busoga. Hapo waliopimwa walikuwa wenye muziki wao, na masikio yao ndiyo yaliyotakiwa kutoa jibu.

Kanda za Wachsmann ziliishia London. Nakala zake za dijiti zimerudi Chuo Kikuu cha Makerere, kwenye hifadhi yenye jina lake, iliyojengwa kwa juhudi za Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza. Kurudi huko ni jambo kubwa. Mwanafunzi anayetoka Jinja anaweza kusikiliza wapigaji wa kizazi cha babu zake bila kuomba viza.

Sayansi iliyo ndani ya vibao

Ubao ulio huru pande zote mbili hutikisika sana katikati na kwenye ncha, na hutulia mahali pawili tu, kila mahali pakiwa karibu asilimia 22 ya urefu kutoka nchani. Ukiuegemeza hapo, unalia. Ukiuegemeza katikati, unakufa. Mafundi walijua hilo kabla ya kitabu chochote cha mekanika kufika Busoga. Wanajua pia kwamba ukichonga tumbo la ubao katikati, sauti hushuka, na ukipunguza ncha, hupanda. Kwa mbao zenye unene sawa, ubao wenye nusu ya urefu hutoa mitikisiko mara nne zaidi kwa sekunde. Ni hesabu ya sekondari, ila hapa inasikika.

Kuna pia suala la mpangilio wa sauti. Oktava moja hugawanywa katika hatua tano zinazokaribiana ukubwa. Wapimaji huihesabu oktava kuwa senti 1,200, hivyo hatua moja ya wastani ni senti 240. Tuseme ubao wa kwanza unatoa hezi 200: zinazofuata zitakaribia 230, 264, 303 na 348, kisha 400. Kila namba ni ile iliyotangulia mara 1.149 hivi, yaani kipeuo cha tano cha 2. Mwalimu wa hesabu anayetafuta mfano wa mfuatano wa jiometri hana haja ya kwenda mbali.

Hapa ndipo teknolojia inaposaidia, na ndipo inapoweza kupotosha. Programu nyingi za simu za kupimia sauti zimetengenezwa kwa mfumo wa Ulaya wa sauti 12, wenye hatua za senti 100. Ukiisikilizisha programu kama hiyo embaire, inawasha taa nyekundu karibu kila kibao. Kosa ni la programu. Mwanafunzi asiyeambiwa hivyo ataamini kwamba fundi hajui kazi yake, na kozi itakuwa imemdhuru badala ya kumfundisha. Zipo zana zinazofaa zaidi: Sonic Visualiser, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, na Tarsos, iliyotengenezwa Ghent, Ubelgiji, na kutumika kupima rekodi za muziki wa Afrika bila kulazimisha ngazi ya Ulaya. Zote ni za bure.

Upande wa kompyuta, utajiri uko katika mfungamano. Katika amadinda wapigaji wawili hupiga kwa zamu, kila mmoja akijaza pengo la mwenzake, na wa tatu huokota baadhi ya sauti na kuzirudia kwenye vibao vya juu. Kila mkono una mwendo wa wastani, lakini msikilizaji husikia mbio ambazo hakuna mmoja wao anayezipiga, na hata nyimbo ndogo ambazo hakuna aliyezikusudia. Safu mbili za tarakimu na mistari michache ya programu zinatosha kulionyesha hilo darasani.

Hali ya sasa

Mwaka 2012 UNESCO iliiweka bigwala, muziki wa tarumbeta za vibuyu wa ufalme wa Busoga, katika orodha ya urithi unaohitaji ulinzi wa haraka. James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo ameongoza kazi ya kuifufua, ikiwemo kupanda upya vibuyu vyenyewe. Mwaka 2023 kampuni ya rekodi ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya kundi la embaire la Nakibembe.

Somo hili linaweza kufika hata Mbale, yenye Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa 1988, na kitivo cha sayansi ya afya cha Chuo Kikuu cha Busitema. Picha ya mawimbi inayochambua sauti ya ubao huchambua pia mapigo ya moyo, kwa hiyo mwanafunzi wa udaktari hatakuwa mgeni katika somo hili. Wakuu wa idara wanaotaka kulianzisha waanze na ala yenyewe ikiwa chumbani, kompyuta ifuate. Na fundi wa embaire aitwe kufundisha, jina lake liandikwe kwenye ratiba, alipwe kama mhadhiri.